Vipande Kumi na Saba Visivyo vya Shangazi Tekla

Kabla hamjasoma zaidi, tokeni nje mkaokote jiwe jeupe, lile gumu linalometameta kama chumvi. Ligongeni na jiwe jingine, pembeni, si katikati, na mgeuze uso. Kikibanduka kipande chembamba, kateni nacho karatasi. Imekatika? Basi mmeshaingia kwenye kazi yangu, na sasa mnaweza kuketi.

Mimi ni Deo wa Milanzi. Nina miaka arobaini na minane, na vijana wa mtaani wakisikia nimestaafu wanacheka, wanasema mtu hustaafu akiwa na mvi. Mvi ninazo chache. Magoti ndiyo yaliyostaafu, nimeyaacha kwenye mashimo ya Singida, Iringa na Kondoa, kote nilikofuatana na watu wa akiolojia kuchimba, kuchekecha na kuosha mawe. Nikikaa nyumbani wiki mbili miguu inaniwasha hadi leo. Nimesikia kwamba baada ya mavuno wachimbaji wanarudi kwenye ule mteremko nje ya Kasense, na wanaandikisha vijana. Ninyi ndio ninaowaandikia, kwa sababu mteremko ule naujua, na mna jambo la kunisaidia huko. Nitalisema mwishoni.

Kosa langu la kwanza lilitoka jikoni kwa mama. Nimekua nikiona ulezi ukipepetwa: cha maana kinabaki kwenye ungo, takataka zinapeperuka. Siku yangu ya kwanza kwenye chekeche la udongo nilifanya vivyo hivyo. Mabanzi makubwa nikayatia kwenye mfuko wa kuhifadhia. Banzi ndicho kile kipande chembamba kinachobanduka jiwe likigongwa. Vile vidogo kama kucha nikavimwaga kwenye rundo la udongo, nikajiona fundi. Akaja Dokta Nuru, mkuu wetu wa uchimbaji, mwanamke wa Tanga, mfupi, mwenye sauti ndogo na kofia kubwa kuliko kichwa. Akaangalia mfuko, akaangalia chekeche tupu.

"Deo, vidogo viko wapi?"

"Nimemwaga, Dokta. Vilikuwa takataka tu."

"Umemwaga wapi?"

Nikamwonyesha rundo. Lilikuwa linanifika kifuani.

"Lichekeche upya."

"Lote?"

"Ukifika chini utajua kama ni lote."

Ilinichukua siku mbili, katika ule upepo wa Juni wa Sumbawanga unaoingia mpaka kwenye mifupa. Zebedayo, mchimbaji mwenzangu, kila akipita na toroli aliniuliza, "Mama Deo, ulezi wa leo utatosha pombe?" Jioni ya pili Dokta aliketi kando yangu juu ya ndoo iliyofunikwa, akanifundisha jambo ambalo lingetosha kuniweka kwenye kazi hii maisha yote. Mtu akichonga zana, alisema, anaondoka nayo. Hata lile jiwe mama, lile analobandulia mabanzi, anaweza kuondoka nalo. Lakini hakuna mwenye akili anayebeba vumbi la mawe. Kwa hiyo kipande kikubwa kinaweza kuwa kimeletwa kutoka popote, ila vile vidogo vinasema: kazi ilifanyika hapahapa.

"Na kisichokuwepo?" nikauliza, kwa utani.

"Nacho kinasema," akajibu, "ukiweza kulijua umbo lake."

Sikumwelewa. Niliitikia kwa kichwa kama wanavyoitikia wanafunzi wote duniani.

Mambo mengine nilijifunza haraka zaidi. Jiwe likigongwa vizuri huacha kinundu kidogo chini tu ya pale lilipopigwa. Pitisheni dole gumba mtakisikia, kimeinuka kama uvimbe wa mbu. Jiwe lililopasuliwa na baridi au moto mara nyingi halina kinundu hicho. Jiwe lililokanyagwa na ng'ombe hung'oka meno ukingoni, tena huku na huku bila mpango, na wachimbaji wengi wageni wameshashangilia kazi ya kwato wakidhani ni ya mkono. Na ukingo uliotumika unabaki na alama za kazi yake. Uliokata nyasi hung'aa namna yake, uliokwangua ngozi unalainika namna nyingine, na mwenye hadubini anaona tofauti.

Hilo la mwisho nililijaribu mwenyewe. Pasaka moja tulikuwa kwa shemeji yangu Kaengesa, nikaomba nimchune mbuzi kwa mabanzi niliyochonga mwenyewe. Shemeji akaita majirani. "Njooni muone, mlamu wangu amesomea mawe, kisu hakijui tena." Walicheka mpaka ngozi ilipoanza kuachia. Banzi jipya linakata kuliko wembe wa dukani, ila linachoka upesi. Nilitumia mabanzi tisa. Mwishoni shemeji mwenyewe alikuwa amepiga magoti akiniambia nimpe lile lingine, lile lenye mgongo. Tazameni, ndani ya saa moja mkulima wa Kaengesa alikuwa ameshajua kuchagua. Yale mabanzi niliyaosha nikampelekea Dokta. Aliyaangalia kwenye hadubini, akaniambia ni lipi liligusa mfupa. Sikuwa nimemwambia.

Sasa niwaambie habari ya mteremko.

Ulikuwa msimu wangu wa pili. Katika shimo namba mbili, karibu kina cha kiwiko, tulikuta mduara wa mabanzi meupe. Mamia, yamelala kama yalivyoanguka, makubwa kwa vumbi. Katikati kulikuwa na sehemu tupu, pana upande mmoja, na mkia mwembamba ukitokea. Dokta alishuka shimoni, akakaa karibu na ile sehemu tupu bila kuigusa, akanyoosha mguu wake mmoja sambamba na ule mkia.

"Mtu alikaa hapa," alisema. "Makalio hapa, mguu huu. Akigonga. Jamani, mtu alikaa hapa."

Sauti yake ndogo ilikuwa imepasuka. Ninyi hamjamwona Dokta Nuru, hamwezi kujua. Tuliacha kazi zote tukasimama ukingoni tukiangalia nafasi ya makalio ya mtu wa kale. Kwa kina kile, alisema, huenda ni wa zamani mno. Akatuambia pia kwamba angewaandikia wanaotuwezesha, na kwamba jambo kama hili lingeweza kutuletea misimu mitatu zaidi. Zebedayo alianza kuzungumzia mabati ya nyumba yake. Mimi nilianza kuzungumzia safari.

Siku iliyofuata, kwenye chekeche langu, chini kabisa ya udongo wa mduara ule, kikabaki kipande cha mpira wa tairi. Kilikuwa kimekatwa kwa kisu, kimekunjwa kikawa pete, kimefungwa kwa waya uliooza. Upana wa sahani ndogo.

Nilikijua kabla sijakishika. Wanawake waliokuwa wakiponda kokoto kwa mkono walikuwa nazo pete hizo. Unalizungushia jiwe pete ya tairi, unaligonga humo ndani kwa nyundo, vipande haviruki machoni. Shangazi yangu Tekla aliponda kokoto miaka mingi, na nikakumbuka, huku masikio yakipata moto, kwamba nilipokuwa mtoto alizipondea kwenye mteremko huohuo, wakati yanajengwa madarasa ya shule. Alikaa chini, mguu mmoja ameukunja, mmoja ameunyoosha.

Na kile kina? Hapo ndipo Mfipa yeyote wa huku kwetu angeshtuka, na mtu wa Tanga kama Dokta asingeshtuka. Sisi tunalima kwa ntumba, yale matuta ya duara: unalaza majani, unapandisha udongo wa pembeni juu yake mpaka linakuwa kama kiota kikubwa. Baada ya madarasa kuisha watu walilima pale. Tuta lilipanda juu ya mabaki ya shangazi, mvua za miaka zikalisawazisha, nyasi zikaota. Kilichokuwa juu ya ardhi kikawa kwenye kina cha kiwiko ndani ya mchana mmoja wa jembe.

Niliangalia kushoto na kulia, nikatia pete mfukoni.

Nimewaza mara nyingi namna ya kuandika sentensi hiyo. Hakuna namna nzuri. Katika kazi hii unaweza kuvunja jiwe, ukasamehewa. Unaweza kuchanganya lebo, ukakesha ukizipanga. Ukificha kitu kilichotoka shimoni, umemdanganya kila atakayesoma habari za shimo lile, wakiwemo ambao hawajazaliwa.

Nilimwonyesha Zebedayo tu, nyuma ya hema.

"Kitupe chooni," alisema.

"Ni cha shangazi, Zebe. Yule mtu wa kale ni shangazi."

"Kwani shangazi yako si mzee? Mtu wa kale huyo. Tupa."

"Ikija kujulikana?"

"Itajulikanaje? Tairi litaongea? Deo, usituharibie kwa kipande cha tairi."

Siku mbili nilitembea nacho. Kilikuwa chepesi, lakini mguu wa upande ule nilihisi unachechemea. Asubuhi ya tatu nikamwona Dokta anaingia kwenye gari na bahasha, anakwenda mjini kutuma barua. Sijui nilifikaje mbele ya gari. Nilisimama tu, mkono mmoja juu ya boneti.

"Dokta, usiitume."

Nikampa ile pete kupitia dirishani. Aliigeuzageuza.

"Imetoka wapi?"

"Shimo la pili. Chini ya mduara."

"Lini?"

"Juzi."

"Juzi," alisema. Akazima gari. Nilitegemea anifokee, na angefoka ningepata nafuu. Akauliza kwa sauti ileile ndogo, "Na unamjua mwenyewe?"

"Nadhani ni shangazi yangu. Yuko Kasense."

"Mzima?"

"Mzima kabisa."

"Panda."

Tulimkuta Shangazi Tekla barazani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Unaniletea mgeni bila kunitumia hata salamu, ningemfunga kuku. Karibu mama, usimwangalie huyu, hana adabu tangu utoto." Kisha akaiona pete mkononi mwa Dokta. Akaacha mahindi. "Lo! Pete yangu hiyo. Niliitafuta nikachoka. Nilimwambia mume wangu kaiunguza kwa kuwashia moto, tukanuniana wiki nzima. Marehemu wa watu, kumbe nilimsingizia."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Dokta hakucheka, lakini nilimwona akimwangalia shangazi kwa namna mpya, kama anavyoangalia jiwe lililogeuka upande.

"Mama," alisema, "ukiona jiwe ulilolivunja wewe, unaweza kulijua?"

"Wewe ukiona chapati uliyoisukuma mwenyewe huijui?"

Siku hiyohiyo tulimleta kwenye nyumba tuliyopanga Milanzi. Dokta akamimina mezani mabanzi yote ya shimo la pili, ya mduara na ya udongo wa chini yake, yamechanganyika. Kila banzi lilikuwa na namba ndogo ya wino mgongoni inayosema lilitoka wapi, na shangazi hakuwa na namna ya kuzisoma zile namba maana macho yake yalishaingia ukungu. Alitumia dole gumba. Alikuwa akichota, anagusa, anaweka kushoto.

"Langu. Langu. Hili langu, nyundo iliteleza. Langu."

"Umejuaje?" Dokta aliuliza.

"Gusa hapa. Chuma kinaliponda jiwe, panabaki unga na nyufa. Langu. Langu." Kisha mkono ukasimama. Akaligeuza banzi moja, akalinusa hata, akaliweka kulia. "Hili si langu."

"Kwa nini, mama?"

"Jembamba. Mimi ningelifanyia nini? Kokoto nyembamba fundi anairudisha, inavunjika kwenye zege. Sisi tunataka iliyonenepa, kama sukari guru. Aliyelitoa hili alikuwa analitaka liwe jembamba." Akaliinua kuelekea dirishani, mwanga ukapenya kidogo. "Na jiwe lenyewe si la mlima ule. La pale lina nyufa, ukiligonga linakutukana. Hili tulivu. Ningekuwa na mawe kama haya ningezeeka na vidole vyangu vyote."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mimi nilikuwa nimeyaosha mabanzi yale yote kwa mikono yangu, na yote kwangu yalikuwa meupe tu.

Alipomaliza, upande wa kushoto kulikuwa na kilima. Upande wa kulia kulikuwa na vipande kumi na saba. Dokta akavigeuza kimoja kimoja, akisoma namba kwa sauti, na mimi nikifuatisha kwenye daftari. Cha kwanza: kona ya kusini, chini ya mduara. Cha pili: kona ya kusini, chini ya mduara. Cha tatu, cha nne. Kufikia cha kumi na saba nilikuwa nimesahau kuandika. Vyote vilitoka mahali pamoja, padogo kama sinia, kina cha shubiri mbili chini ya makalio ya shangazi. Kulikuwa na mtu wa kale kweli. Shangazi alikuja kukaa juu yake bila kujua, akafanya kazi inayofanana na yake, kwa lengo la kinyume.

"Sasa ninyi wawili mmenyamaza nini?" shangazi aliuliza. "Nimekosea?"

Dokta alimkumbatia, kofia ikaanguka.

Kisha akanigeukia mimi. Akafungua daftari la shimo la pili, akanipa kalamu. "Andika wewe. Kwa maneno yako." Nikaandika: Pete ya tairi ya kupondea kokoto, ya Tekla, chini ya mduara. Imefichwa siku mbili na Deo. Mstari huo uko huko mpaka leo, na mtakaposomeshwa habari za shimo lile mtaukuta. Msione aibu kwa niaba yangu. Ule ndio mstari wangu wa kweli kuliko yote.

Kwa siku zilizobaki tulijaribu kuvirudisha vile kumi na saba kama vilivyokuwa kabla ya kugongwa. Siku hizi nimeona kompyuta ikizungusha picha za mawe na kupendekeza ni lipi linaingia wapi, na ni jambo zuri, hailalamiki mgongo. Sisi tulikuwa na mchanga kwenye beseni na subira. Vipande kumi na kimoja viliingiana. Ukisikia viwili vikikaa pamoja, kimlio kidogo kama kifuniko cha chupa ya dawa, moyo unaruka. Tulijua ni kipi kilitoka kwanza na ni kipi kilifuata. Tulijua pia kwamba mchongaji alikosea pigo la tano, akageuza jiwe, akaanza upande mwingine. Kosa la mtu, na namna alivyolirekebisha, mkononi mwangu. Sijawahi kusikia habari tamu kuliko hiyo.

Ila katikati ya jiwe lile kulibaki uwazi. Tulijaza vipande pande zote, na pale katikati hakukuwa na cha kuingia. Dokta alitafuta kwenye vibanzi vidogo, akatafuta tena.

Shangazi, aliyekuwa sasa anakuja kila siku na hataki kuambiwa apumzike, alikuwa anakula ugali wa ulezi. Akautazama uwazi. Akamega tonge.

"Shangazi, nakuomba," Dokta alisema, "usilipake jiwe langu ugali."

"Nitatia nailoni, mama. Kwani mimi mshamba?"

Akakata kipande cha mfuko, akakitandika ndani ya uwazi, akasindilia ugali kwa dole gumba, akavuta taratibu. Likatoka banzi la ugali, jekundu la hudhurungi, jembamba, refu kama kidole changu cha kati, ncha imepinda kidogo upande mmoja. Aliliweka mezani katikati yetu.

Ndipo nikaelewa yale maneno ya Dokta juu ya ndoo, kwamba kisichokuwepo nacho kinasema. Mtu alikuja na jiwe tulivu kutoka mbali, akakaa, akakosea pigo la tano, akajirekebisha, akapata alichokitaka. Takataka zote alituachia. Akainuka, akaondoka nacho.

Ile bahasha haikutumwa. Dokta aliandika barua nyingine, fupi, ya vipande kumi na saba na pete moja. Mwaka uliofuata fedha zilikuja kidogo, tukawa wachimbaji watatu badala ya kumi na wawili, na Zebedayo hakuwemo. Alikwenda Kasanga kuuza dagaa. Tukikutana sokoni mpaka leo ananiita Tairi, na haniiti kwa utani mtupu. Nina deni naye ambalo sijui jinsi ya kulilipa, lakini ningeulizwa tena, ningesimama mbele ya gari lilelile.

Shangazi Tekla ametutoka. Pete yake iko kwenye sanduku lenye lebo, pamoja na mawe, kama alivyostahili.

Sasa lile jambo nililosema mna uwezo wa kunisaidia. Nimetembea milima mingi, na kila nikiona jiwe jeupe tulivu nimeinama, nimelilinganisha na kidole changu cha kati. Najua ni upuuzi, mwenye banzi lile angeweza kufika nalo popote. Lakini huenda hakufika mbali. Huenda lilimdondoka pale juu ya mteremko, au alilitumia siku moja akalitupa. Ni jeupe, jembamba, linapitisha mwanga, ncha imepinda. Mkilikuta, najua mtaangalia kushoto na kulia, kwa sababu mkono wa mtu huenda wenyewe.

Mkono huo usiende mfukoni. Mwiteni aliye karibu, andikeni namba ya mahali lilipotoka, halafu mmoja wenu apande mpaka Milanzi aniambie. Nitashuka, na magoti haya haya.